Kila Barabara Niliyosema Si Mbali

Kwetu Kionga, kijiji cha pwani, mtu akikuuliza njia humwambii ni ndefu. Hata kama anakwenda mwisho wa dunia na mzigo kichwani, utamjibu, "Si mbali, umeshafika." Ni adabu. Anayemwambia msafiri kuwa safari ni ndefu amemkata miguu, na huyo msafiri akianguka huko mbele, yule aliyemvunja moyo ana fungu lake katika dhambi. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na sikuwahi kuliona hilo kuwa uongo. Nimeendesha lori miaka zaidi ya thelathini, la chumvi, la nazi, la saruji, mara nyingine la maiti, nikaulizwa njia kila kituo, na kila kituo nikajibu vilevile. Si mbali.

Nalitanguliza hili kwa sababu ndilo lililonifunga mji wa Mueda, huko bara, siku kumi na tisa. Na kabla ya Mueda lilikuwa limekwisha kunifunga kwa jambo jingine, la zamani kidogo, ambalo nitalifikia. Nikilikimbilia sasa nitalimwaga.

Mdogo wangu wa kunifuata alifariki mawingu ya mvua yalipoanza kukaa juu yetu bila kuondoka. Alikuwa amekonda mpaka saa yake inapanda hadi kiwiko. Alinishika mkono, na nguvu zile sijui alizitoa wapi, akasema, "Kaniombee radhi kwa dada. Kwa mdomo wako, si kwa simu. Kabla ya arobaini yangu."

Dada yetu ndiye mkubwa wa tumbo letu. Yupo Montepuez tangu tulipokimbia vita, na tangu siku ile hakuwahi kusema na mdogo wangu neno hata moja. Akipigiwa simu na kuambiwa ni yeye, anampa mtoto wa jirani aizime. Basi mtu anakufa na hilo juu ya kifua. Na sisi tunaamini, wengine wacheke wakitaka, kwamba dua ya arobaini ikisomwa radhi ya mkubwa haijapatikana, ni kama wali usiotiwa chumvi. Mtu anakula, lakini kila mtu anajua.

Aliyeumia zaidi na hilo ni binti wa marehemu. Huyu ni mtoto wake wa pekee, msichana mkubwa sasa, alisomea kompyuta Nampula, na leo anakaa kwenye duka la kutoa nakala pale Palma, anawapigia watu chapa barua za kuomba kazi ambayo yeye mwenyewe hajaipata. Mimi nina darasa la pili na juzuu za madrasa, kwa hiyo nitakayoyasema juu ya elimu yake ni kama nilivyoyasikia. Nikikosea, kosa ni la sikio langu.

Miaka ile kabla ya kukimbia alikuja likizo na daftari. Alikuwa anaandika monografia, yaani ile kazi kubwa ya kumalizia chuo. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: lori moja linatakiwa kupita miji yote ya wilaya za mkoa wetu, kila mji mara moja, kisha lirudi lilikotoka, kwa masaa machache kuliko yote. Lianze wapi, lifuatishe vipi? Nikacheka. Nikamwambia, "Mwanangu, hilo hutafuti kompyuta, unatafuta dereva mzee."

Akaniambia, "Baba mkubwa, miji ikiwa mitatu unahesabu kwa vidole. Ikiwa kumi, mipango ya kuifuatisha inapita laki. Ikiwa kumi na tano, hata ukianza leo unaijaribu mmoja mmoja kwa mkono, umri wako hautoshi."

"Na mashine umri wake unatosha?"

"Mashine haijaribu yote. Inashika mpango wowote, inapindua kipande, inaangalia. Masaa yakipungua inaushika huo mpya. Yakizidi inaurudisha. Inapindua tena."

Hilo nililielewa. Hata mwanamke anayepanga vyungu jikoni anafanya hivyo. Lakini alinieleza na ubaya wake, na maneno yale yalinikaa. Alisema mashine inaweza kunasa. Inafika mahali ambapo kila ikipindua kidogo inaona masaa yanazidi, basi inadhani imefika, inakaa. Kumbe njia nzuri ipo, ila iko ng'ambo ya kilima, na mashine haikubali kupanda kilima kwa sababu kupanda ni hasara. Nikamwambia lori likizama mchangani ni hivyohivyo. Ukikanyaga mafuta unachimba shimo. Inabidi upunguze upepo wa matairi na urudi nyuma, na kurudi nyuma dereva kijana anaona aibu. Akafurahi, akaliandika. Alisema walimu wao wana dawa ya hilo, mwanzoni wanaiachia mashine ikubali hata mipango mibaya, kama mhunzi anavyokipasha chuma mpaka kilegee, halafu wanaipoza polepole.

Lakini mashine inahitaji masaa ya kila kipande cha njia. Na masaa aliyatafuta kwetu, barazani, madereva wanne wastaafu na sufuria moja ya kahawa.

"Nangade kwenda Mueda, masaa mangapi?"

"Ah, si mbali. Mawili," nikasema mimi.

"Na mvua ikinyesha?"

Mwenzangu mmoja, aliyekuwa na jicho moja na maneno ya watu watatu, akadakia, "Mvua ikinyesha unateleza, unafika mapema zaidi!"

Tukacheka. Yeye akaandika.

"Mueda kwenda Montepuez, kwa njia ya porini?"

"Ile? Unatoka na kikombe cha chai, unafika hakijapoa."

Kila njia tuliifupisha, na ilivyokuwa mbaya ndivyo tulivyoifupisha zaidi, maana njia mbaya ndiyo inayohitaji maneno mazuri. Ya lami, kutoka Pemba kwenda Montepuez (Pemba ya kwetu, siyo ile ya karafuu), hiyo tuliitaja kwa masaa yake kamili na vizuizi vyake vyote, tukailalamikia, kwa sababu njia nzuri haimvunji mtu moyo. Sikuliona siku ile. Wala hakuna aliyeliona. Binti alipata alama nzuri, tukala mbuzi.

Sasa rudi msibani. Baada ya hitma ya siku ya tatu binti alinichukua mpaka dukani kwake, akafungua ile kazi yake ya zamani. Mimi nilikuwa nimebaki mwanamume mkubwa wa ukoo, na kwetu simu inapeleka habari ya kifo lakini haipeleki tanzia. Tanzia inapelekwa na mwili wa mtu. Nyumba zilikuwa tatu: Mueda kwa kitindamimba wetu, Montepuez kwa dada, Pemba kwa dada mdogo. Akaziandika, akaweka siku za koluna, yaani magari yanayokwenda pamoja na askari mbele na nyuma, akabonyeza.

Ilitoka karatasi. Palma, Nangade, Mueda, kisha porini hadi Montepuez, kisha Pemba, kisha kupanda Mocímboa na kurudi Palma. Duara safi kama mdomo wa sufuria, hakuna mahali panaporudiwa.

"Siku kumi na mbili, baba mkubwa, pamoja na kulala. Utarudi arobaini haijafika."

Niliitazama ile karatasi nikajua. Nisidanganye uzeeni. Nilijua Mueda hadi Montepuez kwa porini si njia, ni nia. Lakini masaa yaliyokuwa ndani ya karatasi yalitoka kinywani mwangu, na mbele yangu alikuwa yatima mwenye macho mekundu. Ningemwambia nini? Na kulikuwa na sababu ya pili, nayo niliificha hata mwenyewe nisiione: lile duara lilinipitisha mahali fulani mwisho wa safari badala ya mwanzo. Nikaikunja karatasi, nikasema, "Si mbali."

Nangade hadi Mueda, masaa mawili, tulitumia siku mbili na tairi moja. Nilipofika Mueda nikaambiwa mto umebeba daraja la kwenda Montepuez. Hakuna gari litakalojaribu mpaka maji yashuke. Kesho yake njia niliyojia nayo ikafungwa, kuna kijiji kilichochomwa. Ikabaki barabara ya kushuka pwani, na hiyo haipitwi bila koluna, na koluna ilikuwa imesimamishwa. Hakuna aliyejua hadi lini.

Hapo ndipo nilipokaa.

Mueda ni juu, na baridi yake haina adabu. Asubuhi ukungu unaingia ndani kama mgeni asiyepiga hodi. Maji ni ya shida, yanatoka chini mabondeni, na mtu wa pwani mwenye kutawadha mara tano kwa siku anatazamwa kama mwizi. Kitindamimba wetu alioa huko, Mmakonde, nyumba ina vyumba viwili. Walinipa kimoja na watoto wakahamia jikoni. Kila nikisikia wanakohoa usiku nilijua ni mimi ninayewakohoza. Ukarimu nao ni kamba. Siwezi kuondoka, na siwezi kukaa.

Mama mkwe wa kitindamimba wetu, bibi mwenye chale usoni na meno machache aliyoyabakiza kwa ajili ya kunicheka, alikuwa ananisubiri mlangoni kila nikirudi kutoka kituoni.

"Mkwe, umetoka kuyasalimia magari yasiyokuja?"

"Nimeyasalimia, mama. Na yenyewe yanakusalimu."

"Ukifia hapa tutakuzika vipi? Maiti ya pwani itatetemeka, majirani watasema tumezika mtu hai."

"Nifunike blanketi lako."

"Langu? Basi nife mimi kwanza!"

Ni utani wa watu wa bara na watu wa pwani, upo tangu babu zetu. Bila yule bibi ningewehuka. Lakini usiku nilikuwa nafungua mzigo wangu na kufunga fundo jingine kwenye uzi. Kila fundo siku moja tangu tumzike. Mafundo yalikwenda kumi na tano, ishirini, ishirini na tatu. Nayapapasa gizani kama tasbihi, ila tasbihi inazunguka, uzi huu unaisha.

Na mawazo yanazunguka. Nikisema nishuke kwa miguu hadi mtoni, nitafia mtoni. Nikisema nirudi nilikotoka, pamefungwa. Nikisema nimpigie dada simu, marehemu alinikataza. Kila nilipopindua kipande kimoja ilikuwa mbaya kuliko kukaa. Basi nilikaa. Kuna siku nilikaa kutoka alfajiri mpaka adhuhuri nimeshika kiatu kimoja, sijui nilikuwa nakivaa au nakivua.

Simu ilikuwa inashika karibu na mnara wa maji tu. Binti alinipigia kila jioni.

"Umefika Montepuez?"

"Nipo Mueda."

"Mashine inasema usubiri palepale. Nimepindua kila kitu, kila badiliko linazidisha siku."

"Basi tumekubaliana, mimi na mashine."

Jioni ya fundo la ishirini na tano sauti yake ilikuwa nyingine.

"Baba mkubwa, nikuulize, na usinikasirikie."

"Uliza."

"Yale masaa mliyonipa barazani. Nangade hadi Mueda, mawili. Wewe umetumia siku mbili."

"Mvua, mwanangu."

"Na bila mvua?"

Mwanamke mmoja alikuwa anateka maji karibu yangu, nikajifanya nampisha.

"Baba mkubwa. Mlinidanganya?"

"Hatukukudanganya. Tulikutia moyo."

"Mashine haina moyo!" Alipiga kelele mpaka nikaitoa simu sikioni. "Nilisimama mbele ya walimu watatu na koti la kuazima, nikawaambia haya masaa nimeyapata kwa madereva wenye uzoefu! Mmeifanya njia ya mto kuwa fupi kuliko lami! Mimi nimekutuma huko kwa hesabu yenu, na baba yangu anasubiri!"

Akalia. Nami nikasimama chini ya mnara wa maji na miaka yangu sabini na kitu. Kisha nikasikia anavuta kamasi. Akaanza upya, pole pole, kama karani.

"Sikuulizi masaa tena. Nakuuliza swala. Ukitoka Mueda baada ya alfajiri, ukashika porini kwenda Montepuez, wakati daraja lilikuwa zima, adhuhuri ulikuwa unaiswali wapi?"

Hapo alinishika. Masaa mtu anaweza kuyafupisha, lakini dereva Mwislamu anakumbuka kila mahali alipotandika mkeka, na kwa swala sidanganyi.

"Kabla ya mto."

"Alasiri?"

"Palepale kabla ya mto. Tunachimba matope."

"Magharibi?"

"Ng'ambo."

"Isha?"

"Ng'ambo palepale. Dekula amekwenda kutafuta trekta."

"Dekula ni nani?"

"Utingo wangu wa zamani. Tulimwita hivyo kwa sababu ya kula. Ameshakufa, Mungu amrehemu."

"Alfajiri ya pili?"

Tulihesabu swala saba. Kisha tukahesabu njia nyingine zote, swala kwa swala, mpaka salio la simu likaisha akanipigia tena. Kesho yake aliniambia ameiharibu mashine kwa makusudi, ameipasha moto kama wa mhunzi, ameiachia ikubali upumbavu, halafu ameipoza. Mpango mpya hauna duara. Unasema nishuke nilivyo, kwa koluna ya kwanza, kurudi pwani mpaka njia panda, niipe mgongo Montepuez, nishuke kusini hadi Pemba, halafu nipande kwa lami. Na kurudi nipite njia ileile.

"Ni ndefu," akasema. "Lakini ndiyo njia. Unaogopa kurudi nyuma?"

Nikamwambia siogopi. Uongo huo nao ulikuwa wa kumtia moyo.

Sasa nimefika pale nilipokuwa napazunguka. Siku ya kukimbia nilikuwa na lori dogo, nimejaza watu kutoka Mocímboa, wajawazito, wazee, watoto juu ya watoto, tunapanda kuelekea Mueda. Dada alikuwa mjane, ana shamba karibu na njia panda ileile. Tulimkuta amesimama kando ya barabara na mzigo wake. Gari halikuwa na nafasi ya kuku. Ningeweza kushusha magunia mawili ya mchele, ya kwangu. Hilo ndilo. Sikushuka hata kwenye usukani, sikuzima hata injini. Nilimwambia mdogo wangu aliyekaa pembeni yangu, "Shuka ukamwambie dada atangulie kwa miguu mpaka kwenye ile mikorosho. Si mbali. Tukishusha hawa tunarudi kumchukua."

Akashuka, akamwambia, akarudi kupanda. Nikaondoa gari.

Hatukurudi. Walisema njia imefungwa, na kweli ilifungwa, lakini ilifungwa kesho yake. Jioni ile ilikuwa bado wazi, mafuta yalikuwepo, na mimi nilikuwa naogopa. Dada alipofika Montepuez, kwa miguu, siku kumi na moja porini, aliulizia neno lile lilikuwa la nani. Mdogo wangu akasema, "Langu." Nilipomuuliza kwa nini, akajibu, "Wewe ndiye mkubwa wetu sasa. Neno lako likivunjika, nani atatukusanya?" Na mimi nikamwachia. Mwaka wa kwanza nilisema nitasema. Wa pili nikaona nikisema nitakuwa na makosa mawili. Wa tatu yakawa matatu. Nilikaa humo ndani mpaka akafa.

Koluna ilifunguliwa fundo la ishirini na saba. Yule bibi alinitupia blanketi lake dirishani mwa gari, akasema, "Nirudishie ukifa." Kitindamimba wetu aliinama kuaga, na nikaona watoto wake wameshaanza kurudisha mikeka chumbani.

Tulishuka polepole, gari kwa gari. Tulipofika kwenye mikorosho nilianza Yasini, kwa ajili ya marehemu, na pia nilitaka kujua. Gari lilikwenda, nikaisoma aya kwa aya bila haraka, na njia panda haikutokea. Niliimaliza yote, nikaanza upya, ndipo tukaiona. Huo ndio urefu wa kile nilichosema si mbali, na lile ni gari, siyo mwanamke wa miaka sabini na kitu mwenye mzigo, anayetazama nyuma. Koluna haisimami. Nisingesimama hata ingesimama.

Pemba nililala kwa dada mdogo siku mbili, tukalia, nikapanda. Niliingia Montepuez fundo la thelathini na tatu.

Dada anakaa pembezoni, kiwanja walichogawiwa waliokimbia. Nilimkuta kibarazani anasuka ukili, na hakuuacha aliponiona. Nilikaa chini, kwenye vumbi, nikampa tanzia. Akaitikia. Nikamwambia, "Dada, mdogo wetu ameniagiza radhi yako."

Vidole vinakwenda.

"Aliniambia si mbali," akasema. "Nikatembea. Kila kona nikaona siyo hapa, nikasema labda mbele kidogo. Nilikaa pale mikoroshoni siku mbili. Kila nikisikia gari nasimama, najifuta vumbi. Mtu asinione nimechafuka."

"Dada, lile neno halikuwa lake."

"La nani?"

"Langu. Yeye nilimtuma."

Vidole vikasimama.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye usukani."

"Uliniona?"

"Nilikuona kwenye kioo."

"Nilivaa nini?"

"Kanga nyekundu. Mzigo umeufunga kwa kamba ya katani, fundo limelegea, ukainama kulikaza."

Jogoo wa jirani alipita katikati yetu kama hakimu. Kisha dada akaomba simu. Mwenyewe. Nikampigia binti nikampa, akaishika mbali na sikio kama kitu cha moto.

"Wewe mtoto," akasema, "baba yako hana kosa kwangu. Radhi yangu anayo, someni dua yenu. Nimemnunia mtu wa watu miaka yote hii bure, yeye ndiye anisamehe mimi."

Nikasikia sauti ndogo inauliza, "Shangazi, kosa lilikuwa la nani basi?"

Dada akanitazama, akanipa simu.

Nilimwambia binti yote, pamoja na magunia ya mchele. Hakupiga kelele safari hii. Ningependa angepiga. Alikata, na siku mbili hakupokea.

Radhi yangu mimi sijapata. Niliomba nikiwa nimepiga magoti. Dada akasema, "Ya kwako itakuwa nyumbani. Ulisema unarudi kunichukua. Nichukue." Kesho yake koluna za kaskazini zikasimamishwa tena. Arobaini imesomwa Kionga bila mimi, nikiwa hapa, naambiwa wali ulitosha na watu walijaa. Binti sasa anapokea simu. Haniiti baba mkubwa kwa sauti ile ya zamani, lakini kila jioni anauliza tumesikia nini juu ya njia, na anapasha mashine yake upya.

Mzigo wa dada umefungwa upo mlangoni, kwa kamba ileile ya katani. Jana aliniuliza, huku anasuka, hanitazami, "Toka hapa mpaka kwetu, ni mbali?"

Ulimi wangu ulikwishaanza. Nikaushika.

"Mbali, dada. Mbali sana. Njia zikiwa wazi, swala kumi na tano. Sasa hivi sijui ngapi."

"Haya," akasema, akauvuta ukili mpya. "Nipishe jua."